Ukuta wa Bafuni

Sanduku la Paraska lilikuwa tayari mlangoni.

"Ijumaa unirudishe shamba," alimwambia mwanawe. "Nyumba yako nzuri, Orest, lakini inanipulizia baridi shingoni."

Orest Kostiuk alilitazama sanduku. Nyumba hiyo, nje kidogo ya mji wa Dauphin, aliijenga kwa mikono yake, mbio mbio, ili mama yake wa miaka themanini na moja asilale tena peke yake. Majira ya baridi yaliyopita alianguka jikoni kule shamba, akakaa sakafuni mpaka asubuhi. Sasa nje ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sufuri, hita ikinguruma kutwa, na bado mama alikula na koti mwilini.

"Nimeziba madirisha yote, Mama. Na milango."

"Basi labda ninayepuliza ni mimi."

Lester, fundi bomba rafiki yake Orest, aliyekuwa mezani nao, alicheka mpaka supu ya bitiruti ikamrukia shatini. "Tafuta mwenyewe, mama. Huyu anajisahihishia mtihani wake, unategemea nini?"

Paraska aliinuka, akaleta mshumaa wake uliobarikiwa kanisani Februari, ule wa kuwashwa radi zikipiga. Orest alitaka kusema kazi ya kutafuta upepo unapoingilia ina mashine zake. Akautazama uso wa mama, akamtafutia kiberiti.

Wakapita chumba kwa chumba, mama mbele, wao nyuma kama waumini kwenye maandamano. Sebuleni mwali ulisimama wima. Vyumbani, wima. Orest akaanza kutembea kifua mbele. Bafuni, Paraska aliinama kwenye beseni la kuogea, pale mabomba yanapotokeza. Mwali ukalala kama uliopigwa kofi, ukazimika.

"Orest," Lester akasema taratibu, "siku ile nilipoleta beseni, ukuta wa nyuma yake ulishaujaza pamba ya kuzuia baridi?"

Theluji ilikuwa ikianguka siku ile. Beseni lilifika mapema, nalo zito, na watu wa kulibeba walikuwepo. Orest akasema liingie tu, ukuta ataujaza baadaye.

Angeweza kusema amesahau kama alijaza. Masikio yalimwaka.

"Sikujaza," alisema. "Nilikuwa na haraka."

Paraska aliketi ukingoni mwa beseni. "Baba yako naye hakuujaza ukuta wa jikoni. Miaka miwili nilipika na kofia kichwani. Kila nikiuliza, ananiambia damu yangu nyepesi. Tulipoufungua alishazikwa. Humo ndani panya tu."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unamsifu mno."

Kesho yake walilitoa beseni, Lester akitukana kila bomba kwa jina lake, wakabandua ukuta. Mbao za ndani zilikuwa zimeota barafu. Wakazikausha, wakashindilia pamba ya kioo, wakatandaza nailoni, wakaziba mianya kandokando ya mabomba kwa povu linaloganda, ndipo wakalirudisha beseni. Ikawachukua siku mbili.

Ijumaa asubuhi Orest aliwasha gari, kwa kuwa aliahidi. Aliporudi kuchukua sanduku, alilikuta wazi palepale mlangoni na mama ameliinamia, koti hana.

"Gari la nini?"

"Leo Ijumaa, Mama."

"Kalizime, unachoma mafuta bure." Akachomoa taulo chini ya nguo, akalitupia begani. "Mimi naenda kuoga."