Mtaa Mzima, Anwani Moja

Jana mchana usingizi ulinibeba pale pale juu ya meza yangu ya kazi kwenye kituo cha afya, nikaota niko kwenye foleni ya kugawiwa anwani za mtandao, zile namba ambazo kompyuta hujulikana kwazo. Wifi yangu Tausi alikuwa apasuliwe kesho yake, na ombi letu la damu tulilotuma benki ya damu kwa mtandao lilikuwa siku ya tatu halijajibiwa.

Karani ni muhuri, amevaa miwani.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Uhitaji wako uko wapi?"

"Wifi yangu anahitaji damu."

"Maneno hatupimi. Weka uhitaji kwenye mizani."

Nikauchomoa kifuani. Mizani ikashuka mpaka sakafuni.

"Unatosha," akasema Muhuri, akipiga miayo. "Ila anwani za zamani zimekwisha. Mpya zipo tele, lakini mashine yenu haizijui."

"Na hizi je?"

Nyuma yake anwani elfu sitini zimelala kwenye mabenchi, kila moja na namba zake nne kifuani. Zinakoroma.

"Za bwana mmoja ng'ambo. Aliomba kabla mizani haijanunuliwa."

"Anazitumia?"

"Anazitunza."

Ala! Damu ikanichemka. Mtaa mzima tunagombania moja, yeye anatunza!

Nikageuka niondoke, nikajikuta mtaani kwetu. Nyumba mia mbili, mlango mmoja, na mlangoni kufuli.

"Kuna jirani yenu katapeli watu," likasema kufuli. "Anwani yenu imefungiwa."

"Jirani gani?"

"Simjui. Ndiyo maana nimewafungia wote."

"Hodi!" napiga kelele. "Hodi benki ya damu!"

Ng'ambo ya mlango chupa ya damu inajibu kwa upole, "Nimwambie nani karibu? Huna anwani."

Sikungoja zaidi. Nikarudi mabenchini, nikaikaba moja shingoni. "Amka, mvivu we! Watu wanakufa!"

Ikafumbua jicho moja. "Miaka thelathini hakuna aliyenipigia hodi," ikasema, ikaanza kulia.

Nikaitupia begani.

"Fomu!" akafoka Muhuri.

"Kamjazie bwana wako!"

Nikagutuka. Daktari Mbonea ameinamia kompyuta, kakunja uso.

"Dada Mwanaidi, damu tumepata, chupa tatu. Lakini ombi umelituma kutoka anwani ya nani? Hii si yetu."

Nikasoma jibu kwenye kioo. Lilianza na neno moja: Karibu.

"Sijui, daktari," nikasema, nikilisugua bega. Lilikuwa linaniuma, na gauni limelowa machozi.