Walio na Waya

Alikuwa amechuchumaa kati ya ukuta wa choo na pipa la maji, kompyuta ya kampuni ikiwa juu ya beseni lililopinduliwa, kwa sababu katika ua ule wote wa vyumba sita ni hapo tu modemu ilipopata mtandao. Alibonyeza kupima kasi kwa mara ya tatu. Kimstari cha kijani kilikwenda hadi nusu, kikasita kama mtu aliyesahau anakokwenda, kikafa. Jirani aliyekuwa akisubiri zamu ya choo, kopo mkononi, alimuuliza kama siku hizi ofisi zimehamia huku. Alitabasamu, akavuta beseni kando ili ampishe.

Kazini walimwita Dada Samahani, kwa kuwa ndilo neno alilolisema mara nyingi zaidi kwa siku. Kwa miaka minne alipokea simu za wateja wa kampuni ya simu, katika ukumbi wenye viti mia mbili na madirisha yasiyofunguka. Mwezi huu kampuni iliurudisha ukumbi kwa mwenye jengo, na msimamizi akawatangazia kwamba kila mtu atafanyia kazi nyumbani kwake. Wengine walipiga makofi. Yeye alikwenda msalani akalia kidogo, kwa furaha. Mama yake alikuwa amepooza upande wa kushoto tangu mwaka jana. Kila asubuhi alimwacha kitandani na chupa ya chai, akiomba jirani akumbuke kumgeuza saa sita. Sasa angemgeuza mwenyewe.

Halafu ikaja karatasi ya masharti. Mtandao uwe wa waya, modemu hazikubaliki. Namba ya laini iandikwe kwenye fomu kabla ya Ijumaa. Asiye na waya atahesabiwa kuwa amejiondoa kazini kwa hiari yake.

Siku ya Jumanne aliomba ruhusa, akaenda kwenye ofisi ya kampuni na kupanga foleni kama mteja yeyote. Karani wa kaunta alikuwa msichana wa rika lake.

"Intaneti ya nyumbani haiji bila simu ya mezani," karani alisema.

"Basi naomba simu ya mezani."

"Simu za mezani hatuungi tena. Huu mwaka wa pili."

"Sasa ambaye hakuwa nayo?"

Karani alimtazama, na machoni mwake mlikuwa na huruma ya kweli. "Walio nazo, wanazo, dada."

Alitoa kitambulisho chake cha kazi, chenye nembo ileile iliyokuwa ukutani nyuma ya karani. Karani akacheka, akamwambia kumbe ni wa nyumbani, basi mbona anajua. Na kweli alijua. Jibu lile lilikuwa kwenye kadi ya majibu namba kumi na moja. Alikuwa amewasomea watu wangapi, kwa sauti ya upole, na akishamaliza anawatakia siku njema?

Alipompigia msimamizi, aliambiwa kwamba wenzake wote wamejiongeza, naye ajiongeze.

Pa kujiongezea palikuwa mahali pamoja tu. Mbele ya ua ilisimama nyumba kubwa ya mama mwenye nyumba, na kwenye paa lake uliingia waya pekee wa simu katika mtaa ule. Waliuvuta zamani, marehemu mumewe alipokuwa bado mkubwa wa idara fulani. Jioni ile alimkuta mama mwenye nyumba barazani akichambua mchele. Alimwamkia, akasimama. Hakuambiwa akae.

Mama mwenye nyumba alimwacha aseme yote, vidole vyake vikitupa chuya moja moja uani. Alipofika kwenye habari za mgonjwa ndipo akamkatiza, akasema mgonjwa huyo anamjua vizuri, harufu yake inamfikia hadi sebuleni. Kisha akataja masharti. Atakaa kwenye korido, si sebuleni. Kabla ya saa mbili asubuhi awe ameshaosha vyombo vya jana na kupiga deki.

"Na mimi nikitoka, nafunga," alisema.

"Unanifungia ndani, mama?"

"Ulitaka nikuachie nyumba? Wewe ni mtu mzuri, sikatai. Lakini uzuri si kufuli."

"Na mgonjwa akiniita?"

"Mgonjwa ana Mungu. Wewe una Ijumaa."

"Asante, mama," alisema, kwa sauti ileile ya kazini.

Basi fomu ikajazwa, namba ikaandikwa, na kazi ya nyumbani ikaanza katika nyumba ya mtu mwingine. Mama yake alipoambiwa hakuuliza maswali. Alisema tu kwamba angalau sasa mwanawe yuko karibu, wanapumua hewa moja.

Kama wote walioanza kufanyia kazi nyumbani, aliwekwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Makelele mawili yakisikika kwa mteja, kazi imekwisha. Kitufe cha kunyamazisha sauti kilikuwa kimefungwa kwa walio kwenye majaribio, kwa maelezo kwamba walikitumia kupiga soga. La kwanza lilikuwa la jogoo. Msimamizi alimtumia rekodi asikilize: jogoo aliwika mara moja, vizuri kabisa, na mteja akacheka. Chini ya rekodi msimamizi aliandika, *Limebaki moja.*

Jumatano ya wiki ya pili, saa nne asubuhi, mama mwenye nyumba alitoka kwenda msibani. Funguo zilizunguka mara mbili mlangoni. Uani hapakuwa na mtu. Wapangaji wote walikuwa makazini. Mteja aliyekuwa kwenye laini alikuwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa taratibu. Intaneti yake ilikuwa imekatika, na mjukuu wake alikuwa na mtihani.

Dirisha la korido lilikuwa na nondo, likitazama mlango wa chumba chao, hatua kumi na mbili tu. Aliona pazia la mlango likitikisika, chini kabisa, karibu na sakafu. Ukatoka mkono. Kikatoka kichwa.

Mama yake alikuwa ameanguka kutoka kitandani, akajiburuta hadi kizingitini. Alilala pale nusu ndani nusu nje, jua likimpiga usoni, gauni likiwa limepanda mapajani. Akaita. Alimwita kwa jina la utotoni, ambalo hakuna mwingine aliyebaki duniani wa kuliita.

Yeye aliruka kutoka kitini. Waya wa hedifoni ukamvuta shingo. Alishika nondo kwa mikono miwili. Mama yake akaita tena.

"Kuna mtu anaita huko," mzee alisema. "Ni kwako hapo?"

Kwenye kioo cha kompyuta, taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka.

"Hapana, baba. Ni jirani."

"Anaonekana ana shida."

"Samahani kwa usumbufu. Umeshazima kifaa?"

"Nimekizima."

"Sasa tunasubiri sekunde sitini kamili kabla ya kukiwasha. Ukiwahi, tutaanza upya. Tuhesabu pamoja."

Mzee akaanza kuhesabu, polepole, kama aliye mbele ya darasa. Nje, mama yake alikuwa ameacha kuita. Alikuwa anajaribu kuvuta gauni lifunike magoti, kwa mkono wake mmoja ulio mzima, lakini gauni lilikuwa limelaliwa na mwili wake mwenyewe, halivutiki. Aliacha, akapumzika, akavuta tena.

"Kumi na saba," alisema mzee. "Mbona huhesabu, binti yangu?"

"Kumi na nane," alisema.