Kihisi Kilichoanguka

Kilianguka kutoka mezani, si juu sana. Kihisi cha nguvu, kidude kisichozidi kidole gumba, ndicho tulichochomeka kwenye kila jenereta ya mawimbi ya redio, chombo cha kujaribia redio, iliyoletwa maabara, tupate kujua kama nguvu inayotoka ni ileile inayoonyeshwa kwenye kioo chake. Kiligonga sakafu mara moja, kikabingirika hadi chini ya kabati. Nilikuwa peke yangu, wenzangu wamekwenda kunywa chai.

Utaratibu ulikuwa wazi: kihisi kikianguka, kinaandikwa daftarini na kulinganishwa na kile kikuu kilichofungiwa kwa mjomba. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mkuu wa maabara. Ndiye aliyeniingiza pale, na watu hawakuchoka kunitania kwamba nilizaliwa na kiti changu tayari. Sikutaka kuwaongezea jingine.

Basi nikakichomeka kwenye tundu la majaribio la mita yake, linalotoa nguvu ya miliwati moja kamili. Ikasoma moja. Nikashusha pumzi. Nilijisahaulisha jambo nililofundishwa wiki ya kwanza: tundu lile hutoa mawimbi ya masafa ya chini, yanayotetema polepole, ambako pini ya kihisi iliyopinda haionyeshi kasoro yake. Kwenye masafa ya juu ndiko inakodanganya.

Wiki sita zilizofuata, kila jenereta ilionekana dhaifu huko juu, nami nikaziongeza nguvu moja baada ya nyingine. Nilijiambia vyombo vimezeeka. Vyeti vya upimaji vya wenzangu mjomba alivipekua mstari kwa mstari. Vyangu alivitia sahihi huku akiniuliza habari za mama.

Kisha akaja fundi wa redio za magari ya wagonjwa, mwanamke mpole, akatua jenereta yake mezani. Alisema redio zake zinafaulu majaribio karakanani, lakini barabarani hazisikii. Jenereta ilikuwa ikitoa karibu maradufu ya nguvu iliyoandikwa, hivyo redio viziwi zikaonekana nzima. Juma lililopita gari liliitwa mara nne, dereva hakusikia hata mara moja, na mgonjwa akakata roho akisubiri.

Mjomba alilinganisha kihisi, akatuita sote. Alisema sahihi ni yake, kwa hiyo kosa ni lake. Kihisi kilihakikiwa mara ya mwisho miezi kumi na moja nyuma. Vyombo zaidi ya mia mbili vilipaswa kurudishwa, naye hakujua aanzie wapi. Akauliza kama kuna anayejua kiligongwa lini. Nikainamisha macho.

Tuligawana orodha ya simu. Siku mbili nzima niliwapigia watu ambao vyombo vyao havikuwa na shida yoyote, huku nikiwajua kwa majina wale wenye hatari. Niliogopa, ndio ukweli; niliogopa uso wa mjomba kuliko nilivyomwogopea mgonjwa nisiyemjua.

Siku ya tatu nikapiga moyo konde, nikaingia ofisini kwake.

"Mjomba, ni mimi. Nilikiangusha."

Hakuuliza kwa nini. "Lini?"

Nilimtajia siku na saa. Akahesabu vyeti vilivyofuata tarehe ile: kumi na tisa. Akaanza kupiga simu nikiwa nimesimama palepale. Kwenye karakana ya tatu alisikiliza, kisha akasema taratibu, "Magari matano yamepimwa kwa jenereta hiyo. Jana." Akafumba macho.

Adhabu aliiandika kwa jina lake, na mama hakuambiwa kitu. Lakini tangu siku ile, kila nilipomaliza chombo, mjomba alingoja niinuke, akakibeba hadi kwenye meza yake na kukipima chote upya kwa kihisi kikuu. Majibu yetu yalilingana. Mwezi uliofuata yalilingana. Mwaka uliofuata pia. Hakuacha, nami sikuthubutu kumwomba aache.

Siku yake ya kustaafu, hotuba zilipokwisha, nilimtafuta nimpeleke nyumbani. Nilimkuta mezani kwake, koti la suti limetundikwa kitini, mbele yake jenereta niliyoimaliza asubuhi.

"Bado masafa mawili," alisema bila kugeuka.

Nikavuta kiti, nikamngoja amalize.