Doa Jekundu Nyuma ya Mzinga

Kwenye Vajradanta, manowari ya India, hapakuwa na baharia asiyejua kwamba Fundi Mkuu Simhadri ana wake wawili. Wa kwanza, Ratnamma, aliishi katika mji wa bandari wa Visakhapatnam, ng'ambo ya reli, na ulimi wake ulikuwa mkali. Wa pili alikaa mbele ya meli chini ya kuba la kijivu, akitema makombora ya milimita sabini na sita, mawili kwa sekunde akipandwa na hasira, na huyo Simhadri hakuwahi kumlalamikia hata mara moja. Miaka kumi na tisa aliutunza mzinga ule. Bado miezi minne astaafu.

Siku ya Ayudha Puja, siku ambayo kila mtu hupumzisha zana zake na kuziabudu, mzinga ulioshwa, ukapakwa bizari, ukavishwa shada la maua ya manjano lenye urefu wa watu watatu. Kamanda mwenyewe alipasua nazi. Mpishi Tripathi, kasisi wa meli kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyezijua sala, aliimba mpaka sauti ikamkauka.

"Mkuu, bibi mdogo leo kapambwa!" alisema Sarat Behera, fundi msaidizi wake, mwana wa jimbo la Odisha aliyekuwa na mtoto wa miezi mitano nyumbani. "Bibi mkubwa akimwona, wewe utalala kibarazani."

"Nyamaza wewe, mla wali wa maji kama watu wote wa kwenu. Shika taa hapa."

Wengine walipaka unga mwekundu kwenye bomba la mzinga kwa nje, wakaridhika. Simhadri hakuridhika. Aliingia ndani ya kuba, akafungua ule mlango mzito wa chuma unaolifungia kombora kwa nyuma, na pembeni ya ncha ya umeme inayowasha baruti akaweka doa moja la unga uliokorogwa na mafuta ya ufuta. Fundi aliyemrithisha kazi ndiye aliyemfundisha hivyo, na ofisa hata mmoja hakupata kujua. Kila mwaka, kesho yake, baada ya sala ya kuaga, alilifuta doa kwa spiriti kabla mzinga haujarudi kazini. Kulifuta kabla ya sala ni sawa na kumfukuza mgeni tonge likiwa mdomoni.

Mwaka huo, kesho yake alfajiri, amri ilikuja kwa ghafla: tokeni mkapige shabaha baharini. Tripathi alikuwa nchi kavu kwa ruhusa, na meli haimngoji mpishi. Simhadri alisimama nyuma ya mzinga na kitambaa mkononi. Angekipitisha mara moja tu, mambo yangekwisha, na mimi nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Hakukipitisha. Aliogopa. Watu wanaolala na baruti chini ya mgongo hawaogopi baruti. Huogopa vitu vingine. Akajiambia doa liko pembeni, halitadhuru, na jioni wakirudi Tripathi atasoma sala. Akaufunga mlango.

Saa nne asubuhi mzinga ulianza kupiga. Simhadri na Sarat walikuwa chini yake, katika chumba cha mitambo, wakihesabu kwa midomo bila sauti. Ulipiga kumi na saba. Kisha kimya.

Simhadri alitazama taa za mtambo. Zote zilikuwa za kijani. Hakuna kilichokwama wala kilichovunjika. Kombora la kumi na nane lilikuwa mahali pake, ila cheche haikupita. Joto la bomba lilikuwa limeyayeyusha mafuta ya ufuta, na unga umetiririka mpaka kwenye ncha, ukazuia umeme. Hakuhitaji kuona.

Simu ililia. Alikuwa Luteni Pathania, ofisa wa mizinga.

"Simhadri, bomba ni la moto. Nusu saa, hakuna kiumbe kuingia huko juu. Ikitimia nakuja mwenyewe, tufungue pamoja. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bwana."

Nusu saa ndiyo sheria, na sheria hiyo imeandikwa kwa damu za watu. Kombora lililokwama ndani ya chuma cha moto huendelea kuiva kama kunde chunguni, na ukilifungulia mlango hujui litatokaje. Simhadri mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana sheria ile. Lakini kichwani mwake kulikuwa na picha moja tu: Luteni ameinama na tochi, akilitazama doa jekundu. Fedheha baada ya miaka kumi na tisa! Mficha maradhi kifo humuumbua, ila yeye hakudhani kifo kitakuja kukosea mlango.

Zilipita dakika kumi na moja. Yeye alitakiwa abaki karibu na simu.

"Sarat. Panda. Fungua, toa, pangusa ile ncha kwa spiriti, funga. Dakika tatu tu."

Kijana alimtazama. Akatazama saa ya ukutani. Kisha akachukua kitambaa na chupa, akapanda ngazi.

Simhadri alisikia mlango ukiguna. Halafu kishindo, na joto likashuka kwenye tundu la ngazi likamuunguza nyusi. Alipanda akiita jina. Niliambiwa alichokiona, lakini sitakisema. Alikuwa mtoto wa watu.

Doa halikupatikana. Moto ulikuwa umefuta kila kitu.

Baraza la uchunguzi lilikaa bandarini siku ya pili, maofisa watatu na karani.

"Ulimtuma wewe?"

"Hapana, bwana. Niligeuka, nikaona ameshapanda."

Neno dogo, na lilitoka kirahisi mno. Karani akaandika kwamba marehemu aliingia kwa hiari yake, kinyume cha amri. Mtu aliyejiua kwa ukaidi hapewi bendera wala tarumbeta ya heshima mazikoni. Hurudishwa kwao kama mzigo, na mkewe huzeeka akiitwa mjane wa mpumbavu. Simhadri aliyajua hayo alipokuwa akitia sahihi, na akatia.

Siku ya tatu baba yake Sarat alifika kuchukua maiti. Banamali Behera alikuwa mlinzi mstaafu wa geti la reli, mwembamba, kavaa koti lake la zamani la kazi lililopigwa pasi. Walimkalisha kwenye benchi nje ya chumba cha baraza. Simhadri alipotokea, mzee alisimama, akakutanisha viganja.

"Wewe ndiye Fundi Mkuu? Mtoto alikuwa akikutaja sana. Wamenisomea taarifa ya baraza. Bwana Mkuu, mtusamehe. Kavunja sheria, kaharibu mzinga wa serikali. Mimi nimefunga geti miaka thelathini na minne, sikukosea hata treni moja. Sijui huyu katoa wapi ukaidi. Mtusamehe sana."

Simhadri angevumilia matusi. Angevumilia hata kupigwa. Kuombwa msamaha hakukuweza. Akaketi chini sakafuni, mbele ya viatu vya mzee.

"Mzee, hana kosa. Nilimtuma mimi." Akamweleza yote, doa, kitambaa, simu na uongo, bila kuinua macho. "Nilikuwa naficha aibu yangu. Nilijua sheria, nikamtuma."

Mzee aligeukia mlango wa chumba cha baraza.

"Waliomo mle ndani wanajua haya?"

"Hapana."

"Ingia ukawaambie. Nakungoja hapa."

Simhadri aliingia. Mkuu wa baraza alimkatiza mara mbili, akamkumbusha jela na pensheni, akamwuliza kama huzuni imemvuruga akili. Simhadri alisema akili anayo, ndiyo inayomtesa. Karani alichana karatasi ya jana, akaanza nyingine. Ilichukua saa nzima. Alipotoka, askari wawili walikuwa nyuma yake, na mzee alikuwa palepale kwenye benchi.

"Wameandika?"

"Wameandika. Atapewa bendera."

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Ulipomwambia apande, alikuuliza kwa nini?"

"Hakuuliza. Alitazama saa, akapanda."

"Basi alijua muda haujatimia," alisema mzee. Alianza kufunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. "Nilimfundisha mwenyewe, tangu akiwa mdogo hivi. Nilimchapa mpaka akaelewa. Mkubwa akikutuma, usiulize."