Muunda wa Kiseve

Mtu akiniambia maneno hayaui, nitamtukana hadi achoke. Mimi nimeona neno likiua, tena mchana kweupe, kwenye uwanja wa kanisa hapa juu ya Nunguni.

Injinia Gichuru wa kampuni ya umeme wa upepo alikuja kutueleza mpango wao wa kusimamisha mashine ndefu zenye mabawa kwenye kilima chetu. Wengi tulitoka shambani moja kwa moja, majembe mabegani. Gichuru alisema Kiingereza, na mume wangu Kilonzo, waliyemwajiri kufasiri, akatugeuzia kwa Kikamba. Nilijivunia, sifichi. Shati nililipiga pasi mwenyewe.

Mambo yalikwenda sawa mpaka Gichuru aliposema "wind farm". Kilonzo hakufikiri. Farm si ni muunda? Wind si ni kiseve?

"Hapa patakuwa muunda wa kiseve," akatangaza.

Shamba la upepo! Mimi nilicheka, nikidhani atajirekebisha. Lakini ulimi hauna mfupa. Watu walisikia shamba, na shamba kwetu ni matuta aliyochimba baba mkwe kwa mikono yake, na ndipo alipozikwa. Sasa eti limekuwa la upepo, yaani la kampuni.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Kimanthi, mdogo wake Kilonzo, tumbo moja.

"Umeuza shamba ya baba!"

"Sijauza kitu! Ngoja nieleze..."

Jiwe lilimpata mdomoni. Gichuru aliruka ndani ya gari, na dereva akaondoka mlango ukiwa wazi. Aliyebaki mikononi mwa watu ni mfasiri.

Walimpiga mateke, wakampiga fimbo, watu tuliokula nao pilau ya harusi yetu. Shati lile likawa jekundu. Nilipiga kelele kwamba ni mashine tu, kwamba shamba halijaguswa, lakini nani angenisikia? Nilimng'ata mmoja mkono hadi akaniachia nipite. Nikamwona Kimanthi amesimama juu ya kaka yake, jembe limeinuliwa kwa mikono miwili.

"Kimanthi, ni Kilonzo huyo!"

"Si ndugu yangu!"

Nilimpiga kwa jembe langu. Sikulenga mkono wala mguu. Nilipiga kichwa, kwa nguvu zote nilizojaliwa na Mungu, na mlio wake nilijua hapo hapo maana yake. Akaanguka kando ya Kilonzo. Watu wakarudi nyuma, wote.

Mama yao, Mumbua, aliwafikia akitambaa. Hakujua ashike yupi.

Kilonzo alifungua jicho moja. Alijivuta hadi kwa mdogo wake, akamwinua kichwa, akaanza kumweleza kwa mdomo uliovunjika meno. "Ni mashine tu, Kimanthi. Zitasimama, na sisi tutalima chini yake. Shamba ni yetu. Unasikia? Ni yetu." Aliyarudia kwa Kikamba safi, polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Kimanthi hakuwa tena wa kuelezwa.

Nilipiga magoti nimpanguse mume wangu damu. Nilikuwa nalia kwa furaha, naapa, kwa sababu alikuwa hai. Ningempiga Kimanthi tena.

Kilonzo aliusukuma mkono wangu.

"Usiniguse," akasema. "Umeniulia ndugu."