Sehemu Tisa za Kutupa

Mama yangu hatupi kitu. Wifi yangu alipoolewa kwetu alimbandika jina la Bi Akiba, na Mama akalipenda. Mifuko ya plastiki anaifua na kuianika. Sabuni ikibaki ukucha, anaigandamiza kwenye sabuni mpya. Kwa hiyo jioni ile, nilipotoka kwenye cherehani, kazi yangu ya mchana, na kumkuta jikoni ameinamisha kikombe, sirinji mkononi, roho iliniruka.

Mjukuu wake, mtoto wa kaka yangu, alizaliwa na moyo usiopiga sawasawa. Dawa ya maji ya watoto haikupatikana, vilikuwepo vidonge vya watu wazima tu. Mfamasia wa hospitali alituonyesha sote watatu, mimi, wifi na Mama, la kufanya: kidonge kimoja kwenye mililita kumi za maji, koroga, vuta mililita moja kabla unga wake haujatuama chini, mpe mtoto. Zile tisa zilizobaki, tupa. Asubuhi kazi hiyo ni ya wifi, jioni ni yangu. Lakini jioni hiyo wifi alikuwa kazini kwenye zamu, na mimi nilikuwa na mtihani wa vitendo kwenye masomo ya jioni ya wasaidizi wa duka la dawa. Alibaki Bi Akiba.

"Mama, hicho kikombe ni cha asubuhi?"

"Sasa cha lini? Wifi yako alikuwa anakimwaga, nikakiwahi."

"Tuliambiwa tutupe."

"Wee daktari wa jioni, hebu nipishe. Dawa tunaifukuzia duka hadi duka, halafu tuinyweshe sinki? Hata Mungu hapendi."

Mkono wangu ulishaanza kwenda kumpokonya. Nikaurudisha. Leo ningempokonya, na siku nyingine nisipokuwepo? Nikaomba kimoyomoyo, Ee Mola, nipe maneno machache na yatoshe. Kisha nikachukua sirinji mbili safi. Kwa ya kwanza nikavuta maji ya juu ya kikombe, bila kukitikisa. Kwa ya pili nikavuta ya chini kabisa. Nikaziinua zote mbili dirishani.

Moja ilikuwa nyeupe kama maji ya chokaa. Nyingine ungesema ni maji ya kunywa.

"Zote ni mililita moja, Mama. Ipi ya mume wako?"

Mume wake ni huyo mjukuu, ndivyo anavyomwita. Aliziangalia kwa muda, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mimi nilitaka apate hiyo yenye nguvu."

"Nguvu hiyo ingeweza kumsimamisha moyo."

Sikulipunguza neno makali. Mama akavuta kiti, akaketi.

"Basi fanya wewe, mwanangu."

"Sifanyi. Mimi nina mtihani wangu kule, na wewe una wako hapa."

"Mtoto jeuri!"

"Nimerithi."

Akacheka bila kutaka, akanawa mikono. Alikiosha kikombe, akapima maji, akatumbukiza kidonge kipya, akakoroga mpaka maji yote yakawa meupe sawasawa. Nilisimama nyuma yake, mikono nimeifunga kifuani ili isije ikamsaidia. Alivuta dawa mpaka kwenye mstari, akaisogeza machoni.

"Kuna kipovu," akasema mwenyewe. Akairudisha yote kikombeni, akakoroga, akavuta upya.

"Bismillah, mume wangu, fungua mdomo."

Mtoto akameza. Halafu, kama aliyetumwa kutupima, akakunja uso na kutema kidogo. Tone jeupe likateremka kidevuni.

Mkono wa Mama ulikwenda kikombeni moja kwa moja. Mfamasia alikuwa ametuambia, akitema msirudie, kwa sababu hamjui kilichoingia ni kiasi gani. Mama alikuwepo, alisikia. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Niliing'ata. Kama ningeisema, ingekuwa mimi niliyempa mtoto dawa, na Mama angebaki mtazamaji tu.

Mkono ukasimama juu ya kikombe.

"Siongezi," akasema, wala hakuwa anazungumza na mimi. "Sijui ameingiza ngapi na ametoa ngapi. Siongezi."

Alimfuta mtoto kidevu. Kisha akachukua kopo la majani ya chai yaliyokwisha kutumika, akamimina humo dawa yote iliyobaki, isije ikanywewa na mtu, polepole, akiguna kama anayeng'olewa jino. Alifunga kopo kwenye mfuko, akalitia kwenye pipa la taka. Mfuko wenyewe ulikuwa mpya.

"Unanisimamia kama askari jela?" akanigeukia. "Nenda zako, mwalimu hasubiri."

Nikabeba mkoba, nikatoka. Simu nilikuwa nayo, lakini sikupiga nyumbani kuuliza chochote hadi mtihani ulipokwisha.