Kamba ya Ijumaa Saa Tisa

Mwalimu Lea alikuwa na miezi minne tu katika Shule ya Msingi Kwambiro, kijiji cha pili ukiipita Kigombe kwa njia ya pwani, na katika miezi hiyo alikuwa amekwisha kuanzisha klabu nne: ya bustani, ya ngonjera, ya mazingira na ya kuvuta kamba. Klabu ya mazingira ilikufa wiki ya pili, maana wanachama wake walikuwa wale wale wa bustani, wakachoka kujiandikia barua wenyewe kujialika mikutanoni. Zile tatu zilisimama. Zote zilikutana Ijumaa saa tisa alasiri, na saa hiyo ndiyo iliyomtia Lea matatani.

"Binti yangu," alimwambia Mwalimu Mkuu Suleimani, mtu mrefu aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu na aliyetaka kuuacha mwaka huo ukiwa na ufaulu mzuri, "nimefundisha miaka thelathini na sita. Mtihani wa darasa la saba haujawahi kuuliza swali la kamba."

"Lakini Mwalimu, mtoto hakui kwa hesabu peke yake."

"Na kwa kamba anakua?"

"Anakua."

Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama kifaranga aliyepanda juu ya meza. Hakuwa mkatili. Akatoa sharti: timu ya kamba impe ushindi mmoja, dhidi ya shule yoyote ile. Wakishinda, Ijumaa alasiri itabaki ya klabu hadi atakapostaafu. Wakishindwa, Ijumaa ya wiki hiyo hiyo saa tisa watoto wataingia darasani kwa hesabu, na klabu zote zitazikwa kwa heshima zake. Kuonyesha kwamba hatanii, alibandika ratiba mpya ubaoni siku ile ile: IJUMAA SAA 9, HESABU, DARASA LA SABA.

Lea alikubali kwa ajili ya mtoto mmoja. Mastura wa darasa la saba hakuwa amenyosha mkono darasani tangu darasa la tatu. Alikaa kiti cha nyuma karibu na dirisha, akiandika kwa hati ndogo kama anaogopa kumaliza wino wa watu. Lakini Ijumaa, akishika kamba, Mastura alikuwa nahodha. Aliwapanga wenzake, aliwagombeza, alihesabu "moja, mbili, vuta!" kwa sauti iliyowafanya kuku wa jirani wakimbie. Lea aliwahi kumwona akitoka uwanjani kurudi darasani kuchukua mkoba wake, na sauti ile ikabaki nje kama viatu mlangoni.

Walialikwa Shule ya Mtitimo, nao wakaja Jumatano asubuhi, wamevaa bukta za kijani. Salamu zilichukua nusu saa. Waliulizana hali, na hali za wazazi, na za mvua, hadi mwamuzi, Mwalimu Mudathir wa shule ya tatu, akapuliza filimbi ili waache kuombeana heri.

Kamba ilikuwa ya katani, nene kama mkono wa mtoto. Ilitoka kwa babu yake Lea, aliyekata mkonge mashambani maisha yake yote. Katikati ilifungwa kitambaa chekundu, na chini yake ukachorwa mstari wa majivu. Watoto kumi huku, kumi kule. Filimbi ikalia.

Kitambaa hakikwenda popote.

Ikapita dakika moja, zikapita kumi, ikapita saa nzima. Watoto ishirini walilala nyuma, visigino vimezama mchangani, na kitambaa kikaning'inia juu ya mstari kama kimepigiliwa misumari.

Lea akamwendea mwamuzi. "Mwalimu Mudathir, tufanyeje?"

Mudathir alifungua karatasi ya kanuni. "Atakayekivusha kitambaa upande wake ameshinda. Atakayeachia kamba ameshindwa."

"Na sare?"

"Sare haimo."

"Na muda?"

"Muda nao haumo."

"Nani aliyeandika kanuni hizi?"

"Mimi," alisema Mudathir kwa unyenyekevu. "Niliandika kwa haraka."

Ilikuwemo kanuni moja ya rehema: mchezaji aliyechoka angeweza kupokewa na mtu yeyote wa shule yake, mradi mikono isipungue ishirini kila upande. Mtoto wa kwanza alipobanwa na haja ndogo, akapokewa na mwenzake. Mchana wakapokewa na walimu. Jioni walifika wazazi, wa hapa na wa Mtitimo, na likazuka swali kama mzazi ni mtu wa shule.

"Wanachangia mahindi ya uji?" aliuliza Mudathir.

"Wanachangia."

"Basi ni watu wa shule."

Wazazi wakalala na kamba, kwa zamu, na alfajiri watoto wakaipokea tena baada ya kuwaamkia mmoja mmoja. Kila shikamoo ilijibiwa marahaba bila mkono kutolewa. Mama Benedikta, mpishi wa shule, alipita na sufuria akiwanywesha uji kwa kikombe.

"Fungua kinywa, mwanangu. Wewe Mtitimo, nawe fungua. Adui naye ana tumbo."

Alhamisi saa mbili, Mwalimu Mkuu alitoka ofisini akauona uwanja, akaliona na darasa la saba lisilo na mtu.

"Mwalimu Lea! Hawa wamepoteza kipindi cha hesabu jana. Watapoteza na leo?"

"Wakiachia wameshindwa, Mwalimu."

"Hawataachia, wala hawatakosa." Akaagiza ubao uletwe. Wakauleta wanaume wawili, wakauegemeza kwenye mlingoti wa goli, na Mwalimu Mkuu akaanza kufundisha mizingo na maeneo huku akitembea sambamba na kamba.

"Shamba lina urefu wa mita arobaini na upana wa mita ishirini na tano. Mzingo wake ni mita ngapi? Anayejua anyoshe mkono."

Hakuna aliyenyosha.

"Hakuna anayejua?"

"Tunajua, Mwalimu," alijibu mmoja akihema, "ila mikono inatumika."

Mwalimu Mkuu alisimama na chaki hewani. Katika miaka thelathini na sita, ufundishaji wake wote ulisimama juu ya mkono ulionyoshwa. Mkono huo ndio uliomwonyesha nani anajua na nani hajui. Sasa alikuwa na madarasa mawili ya watoto wasiokuwa na mikono.

"Basi," alisema polepole, "anayejua aseme."

"Mita mia moja na thelathini!" Sauti ilitoka mbele kabisa ya kamba, kavu na safi, ileile iliyofukuza kuku.

"Nani huyo?"

"Mastura, Mwalimu."

"Mastura yupi?"

"Mastura wa darasa la saba, Mwalimu. Ninakaa dirishani."

"Eneo lake?"

"Elfu moja, mita za mraba. Wewe Yona, usisimame wima! Elfu moja, Mwalimu. Shusha kiuno, Yona!"

"Elfu moja!" ilidakia sauti kutoka upande wa pili.

"Nyie wageni msinakili!" alifoka Mwalimu Mkuu.

"Tutanakili kwa mkono gani, Mwalimu?" waliuliza Mtitimo, na uwanja mzima ukacheka hadi kamba ikatikisika.

Aliwauliza maswali ishirini na moja. Mastura alijibu kumi na mawili, na katikati ya majibu alimgombeza Yona mara tano. Lea alikuwa pembeni na kikombe cha maji, akimwangalia Mwalimu Mkuu akiandika jina la Mastura pembeni ya ubao, kisha akilipigia mstari, kisha mwingine.

"Anajua kweli," alimwambia Lea waliporudi kivulini. "Tangu lini?"

"Sijui, Mwalimu. Labda tangu darasa la tatu."

Mzee akajifuta chaki vidoleni, akarudi ofisini. Lakini ratiba mpya ilibaki ubaoni ofisini, na Lea aliiona alipokwenda kuchukua chaki. Mtoto mmoja kujibu maswali hakukuwa ushindi. Sharti lilisema ushindi.

Ijumaa ilikuwa siku ya tatu. Mama Benedikta aliwaendea wachezaji wa akiba wa Mtitimo waliojilaza kwenye nyasi, akawagawia majembe. "Mgeni siku mbili," aliwakumbusha. Wakaenda bila ubishi kupalilia mihogo ya shule, na walipalilia vizuri.

Ilipokaribia adhana ya mchana likaja jambo zito. Karibu kila aliyeshika kamba alikuwa Mwislamu, na mwamuzi pia. Wakatafutwa Wakristo. Kwa Kwambiro wakapatikana Lea, Mama Benedikta na familia moja ya Walutheri waliotoka milimani. Kwa Mtitimo akapatikana Mwalimu Noa na ndugu zake. Ikawa saba kwa saba. Mudathir aliandika pale pale kanuni ya kuruhusu saba, kisha akaitundika filimbi kwenye mlingoti wa goli kama mwakilishi wake, akaenda kutia udhu.

Kwa saa nzima watu kumi na wanne waliishika kamba ikiwa imenyooka tu. Hakuna aliyevuta. Kumshinda mtu aliyeko msikitini si adabu.

"Dada Lea," aliita Mwalimu Noa kutoka ng'ambo, "kwenu mnavutia nini hasa?"

"Ijumaa."

"Ijumaa gani?"

"Hii. Saa tisa."

Noa alifikiri. "Sisi tuliambiwa tutapata mpira wa miguu mpya," alisema kwa aibu kidogo. "Lakini watoto hawako tayari kuachia hata kwa mipira kumi. Nimewauliza."

Watu wakarudi kutoka msikitini na majumbani, kila mtu akapokea nafasi yake. Mastura alirudi mbele. Mwalimu Mkuu naye alipita akiwa na kanzu nyeupe na kofia, akamwona Lea angali mwisho wa kamba, midomo imekauka.

"Kunywa maji, binti yangu. Nipe hapa, dakika mbili tu."

Akaishika. Na Mtitimo, waliokula pilau la Ijumaa nyumbani kwa wenyeji wao, wakavuta kama hawajawahi kuvuta. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano kitambaa kilisogea, shibiri nzima, kuelekea kwa wageni.

"Visigino!" alipiga kelele Mastura. "Wa mwisho! Wewe mwenye kanzu! Shusha kiuno!"

Mwalimu Mkuu alishusha kiuno. Kanzu iligusa vumbi, kofia ikadondoka, na kamba ikajizungusha mgongoni mwake kama inavyotakiwa kwa mtu wa mwisho.

Kengele ikalia. Ilikuwa saa tisa. Mwanafunzi wa zamu aliisoma ratiba ubaoni, akagonga chuma kwa uaminifu, kisha akaja mbio hadi uwanjani. "Mwalimu Mkuu, kipindi cha hesabu!"

Lea alisimama na kikombe mkononi. Mikono iliyoibeba Ijumaa yake yote ilikuwa ya mtu aliyetaka kuifuta. Angefungua vidole tu. Kanuni ingesema Kwambiro wameshindwa, watoto wangeingia darasani, naye angekuwa na haki ya kwenda zake kufuta vumbi. Mudathir alikwisha kusogea kumtazama vidole.

Kisha Lea akauona uso wa Mwalimu Mkuu. Jasho lilikuwa likidondoka kutoka kwenye ndevu, mishipa ya shingo imesimama, na visigino vya miaka hamsini na tisa vimezama mchangani. Hapo hakuikumbuka Ijumaa wala klabu.

"Mwalimu," alisema, akachuchumaa karibu naye, "achia. Tafadhali. Utaumia. Tutapata njia nyingine."

"Wewe," Mwalimu Mkuu alimwita mwanafunzi wa zamu, macho yamefumbwa, "nenda ofisini. Ile ratiba mpya ibandue. Ijumaa saa tisa watu wana kazi."

"Yote niibandue, Mwalimu?"

"Yote! Na gundi yake!"

"Wa mwisho!" aliita Mastura bila kugeuka. "Usiongee! Unapoteza pumzi!"

"Samahani, nahodha," alisema Mwalimu Mkuu, akazidi kushusha kiuno.

"Moja," alihesabu Mastura. "Mbili..."